Tope la Gataka, Pwani ya Malindi

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua ya usiku kucha, niliteremka hadi mto Mbagathi chini ya mtaa wetu wa Gataka, Ongata Rongai, nikiwa na chupa ya jamu iliyooshwa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niliizamisha chupa, nikaifunga, nikarudi nayo nyumbani na kuiweka kwenye dirisha la jikoni. Kabla sijamaliza kukwangua matope kwenye viatu, mchanga ulikuwa umeshatua chini kama chumvi. Kufikia jioni kulikuwa na tabaka la pili juu yake, laini kama unga wa wimbi. Lakini maji yenyewe hayakutakata. Siku ya tatu, ya nne, ya saba, yalikuwa bado mekundu, na nilipoweka kidole nyuma ya chupa sikukiona.

Mwaka 1851 George Stokes, mwanahisabati wa Cambridge, alitoa kanuni inayoeleza kilichokuwa kikitokea dirishani pangu. Upana wa punje ukipungua mara kumi, mwendo wake wa kuzama hupungua mara mia. Punje ya mchanga yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita huzama mita moja kwa dakika mbili hivi katika maji yaliyotulia. Punje ya mfinyanzi iliyo ndogo kuliko hiyo mara mia huhitaji karibu wiki mbili kushuka mita hiyohiyo. Na mto hautulii wiki mbili. Udongo mwembamba unaoachiliwa na shamba, kiwanja cha ujenzi au barabara ya vumbi hapa Gataka hauna pa kupumzika mpaka ufike baharini, isipokuwa ukutane na bwawa au utandazwe na mafuriko juu ya nyasi za uwanda.

Vitu hivi vinavyoelea ndani ya maji huitwa mashapo. Wengi wetu twasema tope tu, na neno hilo linatosha.

Mto ni mmoja, majina ni mengi. Wamaasai waliuita Empakasi, jina lililobaki katika Embakasi ya Nairobi. Unapita kati ya Karen na Ongata Rongai, unakuwa mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, unapokea maji ya Kitengela, na kufikia mji wa Athi River umeshakuwa Athi. Baadaye Mto Nairobi na mito inayotoka nyanda za juu za Kiambu huungana nao. Unaporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unafuata ukuta mrefu wa Yatta kuvuka Ukambani, kisha ndani ya Tsavo unakutana na mto Tsavo, ambao hulishwa na chemchemi za Mzima na huja na maji maangavu. Hapo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Unamwagika kaskazini kidogo ya Malindi. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na eneo linaloumwagia maji lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 70,000.

Nimeishi na mto huu kwa muda mrefu, na nimesoma kila nilichopata kuhusu watu waliojaribu kupima tope lake. Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona historia yote ikizunguka swali moja: nani alikuwa ukingoni mto ulipojaa?

Kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, aliyekuwapo ni tumbawe. Katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi kuna matumbawe makubwa ya jamii ya Porites, mviringo kama mawe ya kusagia yaliyovimba. Hukua polepole na kuweka tabaka la chokaa kila mwaka, kama mti unavyoweka pete. Timu ya wanasayansi iliyoongozwa na Dominik Fleitmann ilichunguza kipande kilichotobolewa kutoka kwenye tumbawe moja la umri wa miaka 300, na mwaka 2007 ikatangaza ilichokisoma. Walichokitafuta ni bariamu. Madini haya husafiri yakiwa yameshikamana na punje za mfinyanzi. Maji ya mto yanapokutana na chumvi ya bahari, bariamu huachia punje na kuyeyuka, na tumbawe linapojenga mifupa yake hutwaa kidogo mahali pa kalsiamu. Mwaka wa tope jingi huacha bariamu nyingi, na mwaka wa maji safi huacha kidogo.

Kutoka mwaka 1700 hadi mwaka 1900, tumbawe lile lilionyesha mto uleule, usiobadilika sana. Miaka 200 ya ukame na mvua, ya ng'ombe na tembo, ya vijiji vya Wagiriama na misafara ya pembe, na tope lilibaki pale pale. Kuanzia 1900 hivi linaanza kupanda.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ardhi ya nyanda za juu iligawiwa walowezi, misitu ikakatwa, kahawa na mkonge vikapandwa. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya kaskazini na kubanwa kusini, na Wakamba wakafungiwa ndani ya mipaka ya hifadhi waliyochorewa na serikali. Mfugaji aliyezoea kuipumzisha nchi kwa kuhama alikatazwa kuhama. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ripoti za wakati ule zilipenda kumlaumu yeye na mbuzi wake, bila kusema nani alimwekea ukuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 ofisa wa kilimo Colin Maher alizunguka Ukambani akiandika juu ya makorongo na vilima vilivyobaki miamba mitupu. Aliyoyaona yalikuwa ya kweli. Dawa iliyotolewa na serikali ndiyo iliyokuwa chungu: mwaka 1938 ng'ombe wa Machakos walianza kukamatwa na kuuzwa kwa nguvu, na mnunuzi alikuwa kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kilichojengwa Athi River, ukingoni mwa mto huuhuu. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kumwona gavana. Serikali ililegeza amri juu ya ng'ombe, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, pwani ileile ambako udongo wa kwao ulikuwa ukienda.

Wakamba wenyewe walikuja kuushinda mmomonyoko kwa njia nyingine. Walichimba mtaro kwenye kontua na kutupa udongo upande wa juu, ukawa tuta linaloshika maji, na kwa miaka michache shamba la mteremko likajilaza lenyewe kuwa ngazi. Mbinu hiyo inaitwa fanya juu. Leo ukifungua kitabu cha hifadhi ya udongo kilichoandikwa India au Ethiopia au Marekani utaikuta kwa jina hilohilo la Kiswahili, bila tafsiri. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kizima kuonyesha kwamba Machakos iliongezeka watu na ikapunguza mmomonyoko kwa wakati mmoja.

Nirudi kwenye kupima. Anayetaka kujua mto unabeba tope kiasi gani huhitaji vitu viwili: wingi wa maji yanayopita kwa sekunde, na uzito wa mashapo katika kila lita. La kwanza hupatikana kwa ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa mtoni, na mtu wa karibu aliyeajiriwa kuusoma asubuhi na jioni. Nchini Kenya vituo vya namna hii vimepewa namba kufuata mabonde, na vyote vya bonde la Athi huanza na 3. La pili ndilo gumu, kwa sababu tope halijatawanyika sawasawa. Karibu na kitako cha mto kuna mchanga mwingi, juu kuna mfinyanzi, na katikati ya mkondo si sawa na ukingoni. Ukichota ndoo moja ya juu umepima juu tu.

Ndipo kikaja kifaa ambacho nakipenda kwa usahili wake. Wahandisi wa Marekani walikitoa mwaka 1948 na kukiita DH-48. Ni chombo cha alumini chenye umbo la samaki, kimefungwa kwenye fito, na tumboni mwake hukaa chupa ya kioo ya painti moja, ileile ya maziwa. Puani kuna kijitundu. Mpimaji huingia mtoni hadi magotini au kiunoni, hukishusha hadi karibu na kitako na kukipandisha kwa mwendo mmoja, chupa ikijaa kidogo kidogo kutoka kila kina. Husogea hatua kadhaa, hurudia. Chupa hupelekwa maabara, maji huchujwa kwenye karatasi, karatasi hukaushwa kwenye tanuri la nyuzi 105, kisha hupimwa kwenye mizani. Kinachobaki ni gramu za udongo kwa lita. Kazi yote hiyo hutoa namba moja, ya saa moja, ya mahali pamoja.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeingia Athi hadi kiunoni wakati wa gharika. Kwa mafuriko kuna vifaa vizito vinavyoning'inizwa kwa waya kutoka darajani, lakini daraja hufunikwa, barabara hukatika, na gari la ofisi hukwama matopeni kilomita 20 kabla ya mto. Kwa hiyo mto ulipimwa sana siku ulipokuwa mpole.

Kuna makadirio mawili ya Sabaki ambayo hutajwa kila mara yakiwa bega kwa bega. La kwanza linasema kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 mto ulipeleka baharini karibu tani 58,000 za mashapo kwa mwaka. La pili, la miongo kadhaa baadaye, linasema kati ya tani milioni 7 na milioni 14. Wengi wamezitumia namba hizi kuonyesha jinsi nchi ilivyoharibika. Mimi siziamini zikiwekwa pamoja. Fanya hesabu ndogo. Tuseme mto umejaa, unapitisha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, na kila lita ina gramu 5 za udongo. Hizo ni tani 5 kwa kila sekunde. Tani 58,000 zitapita kwa muda wa saa tatu na robo hivi. Namba ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ya mto uliopimwa ukiwa umelala. Tope liliongezeka kweli, tumbawe linashuhudia, ila halikuongezeka mara mia.

Wapimaji wenyewe waliijua kasoro hii, na dawa yao ilikuwa mstari. Unachukua siku ulizopima, unaweka alama kwenye karatasi ya logi, wingi wa maji upande mmoja na mashapo upande wa pili, unachora mstari kati ya alama. Siku ambazo hukupima tope lakini ubao ulisomwa, mstari unakukisia. Mara nyingi mstari huo ni mkali: maji yakiongezeka mara mbili, tope huweza kuongezeka mara nne au zaidi. Ndiyo modeli ya kwanza na bado ndiyo inayotumika zaidi. Udhaifu wake anaujua kila mkazi wa Gataka. Mvua ya kwanza ya vuli, baada ya kiangazi kirefu, huleta mto mwekundu mzito kama uji. Mvua ya nne, yenye maji yaleyale, huleta mto mwepesi, kwa sababu vumbi limeshafagiliwa na nyasi zimeanza kuota. Mstari hauoni tofauti hiyo. Kwake mita ni mita.

Mtu aliyebadilisha mjadala huu nchini Kenya ni Thomas Dunne, mtaalamu wa maji na maumbo ya nchi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1979 alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mashapo kutoka mabonde 61 ya Kenya. Alionyesha kwamba mteremko una neno, na mvua ina neno, lakini linalotawala ni jinsi nchi inavyotumiwa. Bonde lenye msitu lilitoa mashapo kidogo tu kwa kilomita ya mraba. Lililolimwa lilitoa mengi, na malisho ya nchi kavu yaliyokwisha nyasi ndiyo yaliyotisha.

Kilichonigusa zaidi ni kazi yake nyingine, pamoja na William Dietrich na Michael Brunengo, katika malisho ya kusini mwa Kenya, nchi ya Kajiado. Kule hakukuwa na kumbukumbu za chupa. Walisoma mizizi. Mti unapoota, shina lake hukutana na ardhi mahali maalumu. Udongo ukiondoka, mizizi hubaki hewani na mti husimama kama uliovaa viatu virefu. Ukiujua umri wa mti, na ukapima kutoka mahali ardhi ilipokuwa hadi ilipo leo, umepata kasi ya mmomonyoko kwa miaka yote ambayo hakuna mtu aliyekuwa akipima. Walikuta kwamba kasi ya miongo ya karibuni ilikuwa kubwa mno kuliko ile ya zama za kale. Walinyesha pia mvua ya bandia juu ya vipande vya mteremko ili kuona maji yanavyoteleza mahali penye nyasi na mahali patupu. Nimewahi kusimama Isinya mbele ya mgunga ambao mizizi yake ilinifikia gotini. Mchungaji aliyekuwa karibu alinitazama nikiupima kwa kiganja, akasema, "Babu yangu alikuwa akikaa kwenye kivuli cha mti huu. Sasa mtu hukaa chini yake kwelikweli."

Tarehe zinalingana. Tumbawe la Malindi linaonyesha kilele cha tope kati ya 1974 na 1980, mara tano hadi kumi ya hali ya asili. Kabla ya hapo kulikuwa na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zilikufa, mifugo ikala hadi mashina, na mvua zilipokuja zikakuta nchi haina nguo. Idadi ya watu ilikuwa ikipanda upesi, na mashamba mapya yalikuwa yakifunguliwa kwenye miteremko ambayo haikuwahi kuguswa na jembe.

Wakati huohuo jicho jipya lilifunguka angani. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na picha zake zikaonyesha kile ambacho wavuvi wa Malindi na Mambrui walikuwa wakikijua kwa macho: ulimi mwekundu unaotoka mlangoni mwa Sabaki. Mwaka 1984 William Brakel alichapisha uchambuzi wa picha hizo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili, upepo na mkondo huusukuma ulimi kuelekea kaskazini, mbali na Malindi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba, hugeuka na kuingia ghuba ya Malindi, hadi juu ya hifadhi ya matumbawe iliyoanzishwa mwaka 1968. Ndiyo sababu mafuriko ya vuli huumiza Malindi kuliko ya masika, hata yakiwa madogo. Nahodha yeyote wa jahazi angeweza kueleza hivyo, lakini picha ilitoa ukubwa, mipaka na tarehe.

Watafiti wa pwani waliendelea kutoka hapo. Johnson Kitheka, aliyefanya kazi na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya pale Mombasa, alipima mashapo ya Tana na Sabaki kwa miaka mingi, akifuata tope kutoka mtoni, kupitia mlango wake ambako maji kujaa na kupwa huliyumbisha, hadi ghubani. Kupima baharini kuna ugumu wake. Chumvi hufanya punje za mfinyanzi zigandamane kuwa mabonge laini yanayozama upesi kuliko punje moja moja, kisha wimbi huyainua tena. Tope lililotua leo kesho limerudi kuelea. Ndiyo maana mtu anayeangalia bahari mara moja tu huona kidogo sana. Kwa uwazi wa maji wengi hutumia bado sahani nyeupe ya Angelo Secchi, padre Mwitalia aliyeijaribu mwaka 1865: unaishusha kwa kamba hadi isionekane, unaandika kina. Bei yake ni ya kamba na rangi.

Nilikwenda Malindi mwezi wa Desemba mmoja kuona mwisho wa mto wangu. Ufuo wa mji umekuwa mpana mno. Mchanga wa Sabaki umejaa ghubani, na kati ya majengo ya zamani na maji sasa kuna uwanja ambao timu kadhaa zinaweza kucheza mpira. Mzee mmoja alikuwa ameketi akishona jarife.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara?"

Nikamwambia natoka Rongai, karibu na mto unaokuja kuwa Sabaki.

Akacheka kidogo, akanionyesha kwa sindano ya nyavu. "Nilipokuwa kijana chombo kilifungwa pale, palipo ule mnazi mdogo. Sasa mpaka ufikie maji miguu imeshachoka. Huo mchanga wenu mwautuma kila mwaka."

Kulikuwa na hofu kubwa, hasa miaka ya 1980 na 1990, kwamba tope litayaua matumbawe yote. Watafiti wa Uholanzi walipima uhusiano wa tope na hali ya miamba ya Malindi na Watamu. Kisha Timothy McClanahan na David Obura wakachapisha mwaka 1997 matokeo yaliyowashangaza wengi: miamba ya Malindi iliyopokea tope ilikuwa imebadilika aina ya matumbawe, lakini haikuwa imeanguka kama ilivyotabiriwa. Baadhi ya aina hustahimili. Mwaka uliofuata, 1998, joto la bahari lilipanda na matumbawe yakapauka na kufa kwa wingi, kwenye tope na kwenye maji safi vilevile. Hayo hayaondoi kosa la tope. Tumbawe lililofunikwa na vumbi hutumia nguvu kujisafisha, na linapopigwa na joto huwa limeshachoka. Ila nawaheshimu watafiti hao kwa kuandika walichokikuta, hata pale kilipokwenda kinyume cha matarajio.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa Sabaki ni cha Trent Marwick na wenzake, kilichochapishwa mwaka 2018. Wao hawakufanya safari moja ya mwezi wa kiangazi. Chupa ilichotwa karibu na mlango wa mto kila baada ya wiki mbili hivi, masika na kiangazi. Walipata takriban tani milioni 4 kwa mwaka, sawa na tani 57 kwa kila kilomita ya mraba ya bonde, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilipita katika misimu ya mvua. Milioni 4 ni namba isiyoshikika akilini. Igawe kwa malori ya tani kumi: malori 400,000 kwa mwaka, zaidi ya 1,000 kila siku, usiku na mchana, yote yakimwaga baharini.

Na malori ya kweli yapo pia, yanakwenda upande mwingine. Kajiado ni miongoni mwa sehemu ambako Nairobi huchota mchanga wake wa ujenzi. Mito ya msimu huchimbwa kwa beleshi tangu alfajiri, vijana wakipakia huku utingo akipiga mluzi dereva asogee. Mchanga ukiondoka, kitako cha mto hushuka, kingo huanguka, na maji yaliyokuwa yakihifadhiwa mchangani kwa ng'ombe wa kiangazi hupotea. NEMA, mamlaka ya mazingira nchini, ilitoa mwongozo wa uvunaji mchanga mwaka 2007. Cha ajabu ni kwamba katika mto mmoja watu wa juu huona mchanga umepungua na watu wa chini wakaona umezidi. Mchanga mzito hubaki juu na kuchotwa, huku mfinyanzi uliolegezwa na machimbo hayohayo ukiteremka bila kikwazo.

Mji wa Kitengela nao umegeuka mbele ya macho yetu. Uwanda ambao ulikuwa ranchi ya pamoja uligawanywa, vipande vikauzwa kwa ekari, kisha kwa ploti ya futi 50 kwa 100. Kila ploti huanza kwa kung'olewa nyasi. Udongo mweusi wa huku hupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi ukaingia, na masika hunata hadi gari linaachwa. Paa na lami havinywi maji. Usiku wa kuamkia 1 Mei 2024 Athi ilivunja kingo, na asubuhi Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa Kitengela likiwatoa watu waliozingirwa. Rangi ya maji yale sijaisahau. Ilikuwa rangi ya chupa yangu.

Chini zaidi ya mto, kwenye makutano ya Athi na Thwake, lilianza kujengwa mwaka 2018 bwawa la mita 80 kwenda juu, la kuhifadhi maji mita za ujazo milioni 688. Bwawa ni mahali ambapo mto hatimaye hutulia. Mchanga utatua mlangoni na sehemu ya mfinyanzi ndani. Mwenye kupanga umri wa bwawa hilo anahitaji kujua mzigo wa mto ulioko juu yake, na mzigo huo huanzia huku kwetu, kwenye mitaro ya Gataka na ya jirani zetu wa Kandisi.

Nilisema nilichota chupa yangu asubuhi baada ya mvua. Wiki moja baadaye nilikutana na mzee anayelinda usiku kwenye ploti iliyo ukingoni. Nikamwambia kwa fahari jinsi nilivyouwahi mto.

"Hukuuwahi, mwalimu," alisema. "Mto ulikuja saa nane usiku. Ulifika hapa." Akanionyesha alama ya majani makavu yaliyonaswa kwenye waya wa ua, juu ya bega langu. "Wewe ulipokuja ulikuwa unaondoka."

Chupa yangu, basi, ilikuwa ya mto mpole kama zile za miaka ya 1950. Jioni ile nilimpelekea chupa sita, kamba yenye kikombe cha bati, kalamu ya wino usiofutika na plasta za kubandika.

"Niandike nini?" akauliza.

"Tarehe na saa, mzee. Na waya wa ngapi umefunikwa."